Mwashataa Aliyesimama Uani

Nyuma ya kliniki ya meno, ukishapita chumba cha kungojea na choo cha wagonjwa, kuna mlango mwembamba ambao watu wengi hudhani ni wa stoo. Humo ndimo alimofanyia kazi Fundi Meno kwa miaka kumi na tisa. Daktari akishachukua alama ya ufizi wa mgonjwa kwa ule unga laini unaoganda mdomoni kama uji uliolala, humpelekea fundi. Naye humimina plasta, hungoja ikauke, kisha hupanga meno bandia kwenye nta, jino moja moja, mpaka mdomo wa mtu asiyewahi kumwona unakaa mezani unamcheka. Rafu tatu zilijaa mataya ya plasta. Wafanyakazi wapya waliingia mara moja, wakatoka kinyumenyume. Yeye aliyazoea. Hata barabarani, mara nyingi alitabasamiwa na meno aliyoyapanga mwenyewe, na mwenye nayo hamjui.

Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na saba, mkimya, aliyeachana na mkewe bila ugomvi wala sababu ya kusimulia, akahamia kwa dada yake mkubwa. Dada mtu alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake ulikwenda kuliko cherehani yenyewe. Nyumba iliwatosha, mmoja anayesema na mmoja anayesikiliza.

Siri ya Fundi Meno ilikuwa kwenye kompyuta ya kazini, ile ya kutunzia kumbukumbu za wagonjwa. Plasta ikimiminwa lazima ingojewe, na mtu anayengoja hutafuta la kufanya. Mpwa wake, kabla ya kwenda chuoni, alimwekea mchezo wa mtandaoni uitwao Ukungu. Ni mji wa kuchora, wenye nyua za mawe na ngazi nyingi. Kila mchezaji huchagua awe nani, akaishi humo, akazungumza na wenzake kwa maandishi. Ukiandika, herufi zinatokea juu ya kichwa cha mtu wako hapohapo, moja moja, kadiri unavyobonyeza. Hakuna kushinda wala kushindwa. Mnatunga maisha tu, mkiyaishi.

Yeye alichagua kuwa bibi kizee. Hata mwenyewe hakujua kwa nini. Bibi Funguo, mlinzi wa lango la juu, mkali kama pilipili, mwenye mtungo wa funguo kiunoni. Na mwezi wa pili wa kucheza akajitokeza kijana mmoja, Mwashataa, kazi yake kupita nyua zote akiwasha taa, akamwambia: "Shikamoo Bibi. Wamesema wewe ndiye uliyenilea."

"Waongo," Bibi Funguo akajibu. "Mimi ningekulea usingekuja na miguu michafu hivyo."

Basi wakawa bibi na mjukuu. Miaka mitatu. Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, plasta ikianza kushika, Fundi Meno alifungua Ukungu na kumkuta Mwashataa amekwisha kufika. Waligombana, walifichiana mambo, walimficha mwizi mmoja wa ngazi darini, wakamzika mlinzi wa lango la chini. Siku nyingine fundi alicheka peke yake mpaka nesi akagonga mlango kuuliza kama ameungua. Sharti lao lilikuwa moja: hakuna kuulizana ya nje. "Huku ni huku, na huko ni huko," Mwashataa alisema siku ya kwanza, na fundi akaridhika. Akilini alimfanya kijana wa miaka ishirini hivi, mwanafunzi labda, mwenye maneno mengi na heshima yake.

Siku ya tukio ilikuwa Alhamisi. Bibi Funguo alikuwa ndani ya kibanda chake, mlango umefungwa. Mwashataa alikuwa uani, chini ya nguzo ya taa, kama mawe ishirini kutoka mlangoni. Siku kadhaa walikuwa wakitunga habari za mgeni anayegonga milango ya watu na hakuna amjuaye. Mwashataa akainua mwenge, herufi zikaanza kutokea juu ya kichwa chake:

"Bibi, usifungue mlango. Aliye nje si"

Kisha ikaja herufi i peke yake, ikajirudia, ikajirudia, "siiiiiiiiiiiii", mpaka mstari ukajaa, ukashuka wa pili, ukajaa, ukashuka wa tatu. Fundi Meno akatabasamu. Akajua ni ukelele, kijana anamtisha bibi yake. Akajibu: "Wewe mtoto, mbona unapiga mayowe, umekanyaga msumari?"

Mayowe yakakoma. Mwashataa akabaki amesimama na mwenge juu. Fundi alingoja mpaka plasta ikakauka, ikawa ngumu ya kupigia msumari.

Kesho yake Mwashataa alikuwa palepale. Watu wa Ukungu wakiachwa bila kuguswa hawagandi kabisa: wanapumua, wanapepesa macho, nguo zinacheza na upepo. Na mchezo ule haukuwa na tabia ya kumfukuza mtu aliyenyamaza. Maadamu mashine yake inawaka, mtu wake yupo. Kwa hiyo alikuwa pale, anapumua, anapepesa macho, ameukabili mlango wa bibi yake. Jumatatu hivyohivyo. Jumanne hivyohivyo.

Kwanza fundi alimsemesha kama bibi: "Mjukuu wangu, mkono hauchoki?" Halafu akavunja sharti, akaandika kama yeye mwenyewe: "Rafiki, upo? Kuna tatizo?" Halafu akakasirika. Halafu akarudia maneno yao ya nyuma, kwa maana alikuwa akiyanakili yote na kuyatunza, akatafuta alipomkosea. Hakupaona.

Nyumbani dada yake akamchungulia mezani. "Una nini wewe? Unakula kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele."

"Kuna mtu amenipotea."

"Mtu gani?"

"Mjukuu wangu."

Dada akaweka kijiko chini. "Mdogo wangu, wewe hata mtoto huna. Mjukuu umempata wapi?"

Ikabidi amweleze. Alitarajia kuchekwa, na akachekwa, hasa alipofika kwenye habari ya kuwa bibi kizee. Lakini dada alipomaliza kufuta machozi alisema jambo lililomkaa fundi kichwani. "Mtu aliyekuchoka huondoka. Anazima vyake, anakwenda. Huyu wako kanyamaza na hajaondoka. Mimi hilo silipendi."

Siku ya kumi na mbili, saa nne na dakika chache, Mwashataa alitembea.

Fundi alikuwa amekata nta, kisu kiko mkononi. Aliona kwa pembe ya jicho. Hatua tatu, mbele, jiwe kwa jiwe, mwenge umeinuliwa vilevile. Juu ya kichwa chake zikatokea herufi: "wertyuasdfghhhjk". Kisha akasimama.

"Mjukuu wangu!" Bibi Funguo akaandika. "Uko wapi siku zote?"

Mawe kumi na saba yakabaki.

Kesho yake, saa nne, hatua nne. "qweeertzxcvbnm". Keshokutwa yake, saa nne, hatua tatu. Wakati mwingine wowote wa mchana hakutikisika. Saa ileile tu, saa yao ya kukutana, na kila mara kuelekea mlangoni, kamwe si pembeni.

Wachezaji wengine wakaanza kuja kutazama. Wakampa jina: Mfu wa Uani. Mmoja alisema hizo ni herufi za lugha ya wafu, ukizisoma kinyume zina maana. Wakazisoma kinyume, hazikuwa na maana, wakaogopa zaidi. Wengine walikimbia kila saa nne ikikaribia. Fundi Meno hakukimbia. Alikaa kwenye stuli yake, jua limejaa dirishani, manesi wanapita na ndoo nje, na nywele za mikono zimemsimama. Maana alikuwa ameanza kuyasikia upya yale maneno ya mwisho. Usifungue mlango. Aliye nje si. Na aliyekuwa nje, ukitazama uani pote, alikuwa mmoja tu: Mwashataa mwenyewe.

Wiki hiyo alipanga meno ya mgonjwa mmoja, ya kushoto akayaweka kulia. Daktari aliyaleta mkononi, akayaweka mezani taratibu.

"Fundi, huyu mama tumpe kichwa kingine au utarudia?"

"Nitarudia, daktari."

"Unaumwa?"

"Hapana. Kuna kitu nakingoja."

Alijua angeweza kumwondoa Bibi Funguo kibandani, akampeleka mbali, habari ikaisha. Kubonyeza mara moja tu. Siku mbili aliweka kidole juu ya kitufe na kukitoa. Aliona kwamba kama yule ni mjukuu wake anakuja, atamkuta bibi hayupo.

Siku ya sita ya mwendo, Mwashataa akafika. Uso wake ukagusa ubao wa mlango. Miguu iliendelea kutembea palepale, kama mtu anayesukuma, kisha ikatulia. Upande wa ndani, kwa upana wa kidole kwenye skrini, Bibi Funguo ameketi na funguo zake. Fundi aliona jasho limelowesha vitufe. Akamfungulia.

Mwashataa hakuingia. Alisimama kizingitini, anapumua, anapepesa macho.

Ndipo fundi alipoziangalia zile herufi kwa jicho la kazi yake, jicho la mtu anayejua alama huachwa na kitu kilichogusa. Kila siku zilikwenda kwa safu: safu ya juu kushoto kwenda kulia, kisha ya kati au ya chini, na pamoja nazo hatua za mbele. Akateremsha kiganja chake juu ya kibodi yake mwenyewe, akakiburuta polepole, akaishia kwenye vishale vya pembeni. Bibi Funguo akaruka hatua tatu.

Kulikuwa na mtu, mahali fulani, aliyekuwa akifuta vumbi.

Kesho yake alikaa tayari kabla ya saa nne. Mwenge ulipotikisika tu, akaandika haraka, kwa herufi kubwa: "WEWE UNAYEGUSA MASHINE HII, MIMI NAKUONA."

Herufi zilikatika katikati. Kwa muda mrefu Mwashataa alipumua tu. Fundi akaona alivyoandika vibaya, akaongeza: "Usiogope. Mimi ni rafiki wa mwenye mashine. Yuko wapi?"

Dakika nne zilipita. Kisha, herufi moja, kimya, herufi nyingine, kimya, kama mtu anayeokota punje:

"wewe nani"

Vidole vya fundi vilikuwa vimezoea. Miaka mitatu vilikuwa vikijibu swali hilo jibu moja. Vikajibu kabla yake:

"Mimi ni bibi yake."

Halafu: "bibi yake alikufa zamani mimi mwenyewe nilibeba jeneza"

Fundi Meno akashika kichwa. Akaandika upesi, akikosea, akifuta, akieleza kwamba yeye ni fundi wa meno, mwanamume, mzima wa afya, na kwamba haya ni mchezo. Maneno yakajaa skrini nzima. Siku iliyofuata saa nne ikaja ikapita, Mwashataa hakutikisika. Na iliyofuata. Siku nne nzima fundi alikaa akijua kuna mtu ng'ambo ya ile mashine anaogopa kuingia chumbani mwake kwa sababu yake.

Siku ya tano, saa nne kamili, herufi zilikuja moja moja.

"mke wangu alikufa kwenye kiti hiki"

Fundi akaiacha nta ikayeyuka.

Yule aliyekuwa akiandika alikuwa mzee wa miaka sabini na mitatu, dereva mstaafu wa treni. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, naye amestaafu. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Mwashataa, yule kijana wa miguu michafu aliyemwamkia fundi shikamoo kila asubuhi kwa miaka mitatu, alimzidi fundi miaka ishirini na miwili. Alhamisi ile mumewe alikuwa jikoni. Hakusikia kishindo. Alipokwenda kumwita alimkuta kitini, ameulaza uso mezani, kidole kimeteleza kando ya kibodi. Msiba ulipokwisha na watu wakarudi makwao, nyumba ikawa ngumu saa nne asubuhi, kwa sababu ndiyo saa aliyozoea kusikia vitufe na kicheko kupitia ukutani. Ndipo akawa anaingia kufuta vumbi. Mashine hakuizima. Ilikuwa na kitaa kidogo kinachowaka, na hakujua pa kukizimia.

"mimi nilidhani ana bwana humo" mzee aliandika. "miaka mitatu anacheka na mtu simjui. sikumuuliza. niambie kweli"

"Hakuwa na bwana, baba. Alikuwa mjukuu wangu. Nilikuwa namgombeza kwa kuchelewa."

Kisha: "mke wangu hajawahi kuchelewa popote"

"Huku alichelewa sana."

Mzee akampa namba ya simu. Fundi akampigia palepale. Sauti iliyopokea ilikuwa nzito, na kila neno lenye s lilitoka na mluzi mwembamba nyuma yake.

"Sasa wewe kijana," mzee akasema, "lile neno lako la mimi nakuona, nusura linipeleke alikokwenda mke wangu. Nilitoka mbio na kitambaa mkononi mpaka kwa jirani."

"Nisamehe, baba."

"Nilimwambia jirani kuna mtu ndani ya mashine. Akaniambia nipumzike." Kisha akauliza: "Alitaka kusema nini? Naona hapa juu alikuandikia usifungue mlango."

"Sijui, baba. Tulikuwa tunatunga, na sehemu ile ilikuwa zamu yake."

"Huwezi kukisia?"

Fundi alikuwa amekisia mara mia. "Naweza. Lakini nikikisia yatakuwa maneno yangu, si yake."

Mzee alilipokea hilo. Kisha akaomba jambo moja: aonyeshwe mke wake alikuwa akienda wapi. Basi simu sikioni, fundi akamwelekeza vishale, hiki mbele, hiki kulia, na Bibi Funguo akatangulia, Mwashataa akafuata nyuma yake akijigonga ukutani kila kona. Wakapita nyua saba, mzee akiwasha kila taa ambayo mkewe alikuwa akiiwasha. Wachezaji walioshuhudia Mfu wa Uani akipita na mwenge wake walijibanza pembeni, na hakuna aliyeandika herufi. Darini kwa mwizi wa ngazi mzee alisimama sana.

"Hapa alicheka?"

"Hapa alicheka mpaka akashindwa kuandika."

Walipomaliza, mzee alisema inatosha. Fundi akamwelekeza jinsi ya kuizima mashine vizuri, si kwa kuchomoa waya. Akawa anatazama. Mwashataa alififia miguu kwanza, kisha kifua, kisha mkono ule ulioinuliwa. Uani pakabaki mawe.

"Imezimika," ilisema simu. "Kitaa kimezimika."

"Ndiyo, baba. Huku pia."

Kisha fundi, kwa kuwa hakujua la kusema na kazi yake ndiyo kitu pekee alichokijua vizuri, akasema: "Baba, meno yako ya chini yanacheza."

"Umeyaona wapi?"

"Nayasikia. Ufizi umepungua, meno yamekuwa makubwa kwako. Ndiyo maana yanapiga mluzi."

Mzee akaguna. "Mke wangu alisema hivyohivyo. Nilimwambia ni masikio yake."

Alikuja baada ya majuma matatu, safari ya saa tano, akiwa amesindikizwa na binti yake. Alikuwa mrefu kuliko sauti yake, amevaa koti la kazi la zamani lililofuliwa mpaka rangi ikakata tamaa. Aliyatazama mataya kwenye rafu bila kurudi nyuma. Akauliza ni yapi ya wanawake. Fundi akasema ukishakuwa plasta, huwezi kujua. Daktari akachukua alama, fundi akamimina, na plasta ilipokuwa ikishika akawasha kompyuta, akamwonyesha Bibi Funguo ameketi kibandani.

Mzee akainamia skrini. "Huyu ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Una sura mbaya."

"Mkeo alisema hivyo siku ya kwanza."

Fundi hakutafuta mjukuu mwingine. Wapo waliojaribu, walimwamkia, naye akawaitikia, basi. Siku nyingine saa nne ikifika hushtuka bila sababu na kutazama ua, na hapana kitu. Dada yake anasema mtu akizoea kutazama mahali, macho hubaki na kazi hata kazi ikiisha.

Siku mzee alipokuja kuchukua meno mapya, fundi alimpa pia bahasha nene: maneno yote ya miaka mitatu, yamechapwa, kurasa mia sita na zaidi. Mzee anasoma kurasa mbili kwa siku, hazidishi. Sasa yuko ukurasa wa themanini. Juzi alipiga simu akiwa na hasira, na bila mluzi hata kidogo.

"Wewe mtu wewe," alisema. "Hapa unamfungia mke wangu nje kwenye mvua. Siku mbili! Kwa ajili ya ufunguo mmoja?"

"Baba, soma mbele, utaona nilimfungulia."

"Sisomi mbele. Kurasa zangu mbili za leo zimekwisha." Akapumua kwa nguvu puani. "Nitalala nimekukasirikia mpaka kesho."